Kochi la Mheshimiwa

Kama kukaa kungekuwa mchezo wa mashindano, Kifuambele angeleta kombe nyumbani kila mwaka!

Huyu bwana alijua kukaa, jamani. Alikaa vikaoni, alikaa misibani, alikaa harusini, na popote alipokaa, alikaa mbele. Kiti cha nyuma alikuwa anakisikia tu kwa watu. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Walimwita Kifuambele kwa sababu akitembea, kifua ndicho kilichotangulia kufika, ikafuata tai, halafu ndipo yeye mwenyewe akaja na habari zake.

Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri. Halmashauri yenyewe, tusifichane, ilikuwa ndogo mno. Ukipiga chafya mwanzo wake, watu wa mwisho wake wanakuitikia. Lakini usiidharau! Ilikuwa na mwenyekiti, makamu mwenyekiti, kamati ya kila kitu, kamati ya kusimamia kamati, na gari jeusi lenye kibendera. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na halmashauri nyingine, ndogo vilevile, nayo ina mwenyekiti wake, kamati zake na gari lake.

Katikati ya daraja palikuwa na shimo. Wa huku walisema shimo ni la wa kule, wa kule wakasema ni la wa huku, na shimo likazidi kunenepa.

Kila halmashauri ilikuwa na lori moja la taka. La huku lilikuwa na injini nzima, magurudumu hakuna. La kule lilikuwa na magurudumu mapya yanang'aa, injini hakuna. Basi malori yakakaa kila moja kwao, na taka zikakaa kwa watu wote.

Ndipo serikali kuu ikaja na wazo. Hizi halmashauri mbili ziunganishwe! Iwe halmashauri moja, lori moja, mwenyekiti mmoja.

Kifuambele aliposikia "lori moja" alitikisa kichwa kwa hekima. Aliposikia "mwenyekiti mmoja" chai ikampalia.

"Mmoja!" alimwambia mkewe, machozi ya kupaliwa yakimtoka. "Mmoja ndiye nani?"

"Si mmoja wenu," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo, mikono yake haijui kupumzika. "Kwani kuna ubaya gani? Angalau taka zitazolewa."

"Taka! Mimi nazungumzia uongozi, wewe unaniletea taka!"

"Basi zungumzia uongozi. Lakini uzungumzie dirisha likiwa limefungwa, maana harufu inaingia."

Mkewe alikuwa na sababu ya kutoogopa ng'ambo. Ndiko alikozaliwa. Mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa Kifuambele, alikuwa bado anaishi huko huko, ukishavuka tu daraja, kama hujatumbukia.

Sasa serikali, kwa ustaarabu wake, haikutaka kuunganisha watu kwa nguvu. Ikaunda tume ya kukusanya maoni ya wananchi. Tume itakuja, itafanya mkutano mmoja wa pande zote mbili, itauliza, itaondoka na jibu. Na sharti lilikuwa wazi: upande mmoja ukikataa, jambo limekufa. Kifuambele akalisoma sharti lile akacheka mpaka kibendera cha gari kikatikisika. Kumbe kazi ni ndogo! Wa kule wakubali wasikubali, shauri lao. Yeye awafanye watu wake wakatae tu, na kiti chake kimepona.

Tatizo lilikuwa ni hao watu wake.

Mara ya mwisho walipoulizwa maoni, ilikuwa juu ya kuhamisha soko. Wakaulizwa, "Nani anataka lihamishwe?" Mikono yote juu. "Nani hataki?" Mikono yote juu. Afisa aliyetumwa akavua kofia, akajifuta jasho, akauliza kwa hasira, "Nani anataka kwenda nyumbani?" Mikono yote juu, na hiyo ndiyo peke yake waliyoinyosha kwa moyo. Soko mpaka leo liko nusu hapa nusu pale.

"Safari hii hapana!" Kifuambele aliapa. "Safari hii nitawafundisha."

Akawakusanya kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Yeye akasimama mbele na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu.

"Somo la kwanza," alisema. "Tume ikiuliza swali, msilisikilize."

Kinyozi, mtu wa maswali kama kazi yake ilivyo, akanyosha kidole. "Tusilisikilize swali, mheshimiwa?"

"Msilisikilize!"

"Na kama ni swali zuri?"

"Hasa likiwa zuri! Swali zuri ndilo lenye mtego. Ninyi niangalieni mimi tu. Nitakuwa nimekaa pale mbele, kila mtu ananiona. Nikisimama, simameni. Nikikaa, kaeni. Nikinyosha mkono, nyosheni. Kichwa cha kufikiri kiko kimoja, cha nini kuchoshana?"

Mama mmoja muuza mboga, mwenye sauti ya kuita wateja wa mtaa wa tatu, akauliza, "Ukijikuna je?"

"Jikuneni!"

"Ukipiga chafya?"

"Mama, piga chafya! Usibaki nyuma!"

Wakafanya mazoezi mpaka jua likaelekea kuzama. Anasimama, wanasimama. Anakaa, wanakaa. Mara moja aliteleza kidogo kwenye jukwaa la mwalimu, darasa zima likateleza. Kifuambele akaona raha isiyo kifani. Katika miaka yake yote ya uongozi hajawahi kuona wananchi waelewa namna hii!

Basi mambo yangeishia hapo, angeshinda, na sisi tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini katibu wa halmashauri, mtu mwenye umbea uliopigwa muhuri, akaja na habari.

"Mheshimiwa, nimesikia mwenzako wa ng'ambo anakuja na kiti chake mwenyewe."

"Kiti gani?"

"Cha kuzunguka. Kina magurudumu. Kinapanda, kinashuka."

Kifuambele akaikaza tai. Mwenzake wa ng'ambo aliitwa Bwana Taratibu, kwa sababu akianza sentensi asubuhi unaweza kwenda sokoni ukarudi ukaikuta inatafuta mwisho. Mtu kama yule, akae kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya tume, na yeye Kifuambele akae kwenye kiti cha plastiki kama mgeni wa harusi? Thubutu! Watu si watajua ni nani mwenyekiti na ni nani mwenye kiti tu?

"Leteni kochi langu la nyumbani," aliamuru.

Hapa lazima tulizungumze hilo kochi.

Lilikuwa kochi la mtu mmoja, pana, la mikono minene, na lilikuwa na umri wa ndoa yake. Springi zake zilikufa zamani, moja moja, bila msiba. Ukilikalia, lilikupokea kwa adabu, likavuta pumzi, halafu likakumeza. Lilishameza rimoti, chanuo na ndara ya mtoto, na hakuna kilichowahi kurudi. Kila jioni, Kifuambele akishashiba, alinyosha mkono wa kulia hewani, neno hata moja hasemi. Mkewe aliacha cherehani, akaja, akaushika ule mkono, akaweka mguu kwenye ukingo wa kochi, akavuta. "Haya, baba, jikaze!" Mheshimiwa akang'oka kama mhogo. Hivyo ndivyo alivyokwenda kulala miaka nenda rudi, na watoto walidhani ndivyo baba wote wanavyokwenda kulala.

Fundi makochi akaitwa. Akalibonyeza kwa kiganja, kiganja kikazama mpaka kiwiko.

"Mheshimiwa, hili linataka springi mpya. Halina kitu ndani."

"Funika juu kitambaa chekundu."

"Nitafunika, lakini ndani..."

"Fundi! Mimi niko kwenye uongozi siku nyingi. Watu wanaona kitambaa. Umewahi kuona mtu anauliza habari za springi?"

Fundi akalifunika kwa mahameli nyekundu, akaligonga misumari ya kichwa cha dhahabu pembeni. Lo, lilipendeza! Mkewe Kifuambele alilitazama kwa muda, mkono kiunoni.

"Na siku hiyo nani atakuvuta?"

"Kwani mimi mgonjwa?"

Mkewe alimtazama kwa jicho lile la mtu aliyekuvuta jana.

"Sawa, sawa," Kifuambele akashusha sauti. "Wewe utakaa mstari wa mbele kabisa, karibu na mkono wangu wa kulia. Ukifika wakati wa kupinga, nitanyosha mkono kama kawaida. Utakuja kama unanipongeza, unanishika mkono, tabasamu, halafu unavuta kidogo. Watu wataona mapenzi."

"Mapenzi ya kuvutana!"

"Mama watoto, tafadhali. Kiti changu kiko mikononi mwako."

Alisema kweli kuliko alivyojua.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa pomoni. Wa huku walikaa kushoto, wa ng'ambo kulia, na njia katikati. Mama mkwe alikaa upande wake wa ng'ambo, mstari wa pili, mkoba mapajani. Mezani mbele walikaa watu wa tume, wakiongozwa na mama mmoja mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua, sauti ya mwalimu mkuu. Kushoto kwa meza liliwekwa kochi jekundu, na ndani ya kochi akawekwa Kifuambele.

Bwana Taratibu aliingia akitembea kwa miguu, akasalimia, akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani, akakaa. Hakuna cha kuzunguka wala cha kupanda. Kifuambele akamtafuta katibu wake kwa macho. Katibu alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Potelea mbali," Kifuambele alijiambia. "Angalau mimi napendeza."

Akatoa leso, akajifuta uso. Upande mzima wa kushoto ukajifuta uso. Wenye leso kwa leso, wasio na leso kwa mikono ya mashati. Mama wa tume akainua macho juu ya miwani.

"Kuna joto sana upande huu?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa lilikuwa swali.

Kifuambele akajikuna sikio. Masikio yote ya kushoto yakakunwa. Muuza mboga akakuna mawili kwa niaba ya mumewe aliyebaki sokoni. Mama wa tume akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akasogeza kiti nyuma kidogo, nadhani alihofia upele.

Wenyeviti wakakaribishwa kusema. Bwana Taratibu alipewa nafasi ya kwanza, akaanza, na tusimsubiri. Alipomaliza, kipaza sauti kikapelekwa kwenye kochi. Kifuambele hakusimama. Alishatangaza kwamba kiongozi hahutubii akiwa wima kama mchuuzi wa karanga.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Sisi na wale hatuwezi kupikwa chungu kimoja!"

Akatikisa kichwa. Vichwa vyote vya kushoto vikatikisika. Kochi nalo likatikisika, likameza kidogo.

"Wale ni wavivu! Mtu wa kule ukimpa jembe, anauliza kivuli kiko wapi!"

Akacheka. Upande wake ukacheka. Akacheka tena kwa kufurahi kwamba wamecheka, na kochi likameza tena. Wa ng'ambo wakaguna. Kule mstari wa pili mama mkwe aliinua kichwa.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini kipaza sauti mkononi mwa Kifuambele kilikuwa kama pombe kwa mlevi. Akiona watu wanacheka, ulimi ulikwenda wenyewe.

"Tena ni wachoyo! Ukienda kwao, sufuria inafichwa chini ya kitanda! Sisemi ya kuambiwa, ndugu zangu, mimi nimeoa kule! Mimi ni majeruhi!" Akajipiga kifua. Vifua vyote vya kushoto vikapigwa, puu! "Nawaambia kwa uchungu, siku ile naenda kuposa, laiti daraja lingekuwa limekatika!"

"Looo!" ukumbi mzima ukaguna, kushoto na kulia, bila kuongozwa na mtu.

Kifuambele alidhani ni shangwe. Hakumwona mkewe akiinua mkoba wake kutoka sakafuni, akiuweka mapajani, na kufumbata mikono juu yake. Hakumwona mama mkwe akiuweka wake vilevile. Ukoo ule, wakikasirika, hawasemi. Wanapakata mikoba. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema, lakini hawakumpata Kifuambele akiwa amefunga mdomo wamwambie.

Mama wa tume akagonga meza.

"Tumesikia ya kutosha. Sasa tupate maoni ya wananchi wenyewe. Wale wanaopinga halmashauri kuunganishwa, simameni."

Saa ya Kifuambele ikafika! Hili ndilo alilofanyia mazoezi. Atasimama kama mnara, na nyuma yake upande mzima utasimama, na tume itarudi ilikotoka ikikimbia. Akakamata mikono ya kochi, akavuta pumzi, akajisukuma juu.

Wapi! Kochi likatoa mlio, fyuuuu, likazidi kumvuta ndani. Ile hotuba ya kurukaruka ilikuwa imemzamisha vibaya. Magoti yalikuwa yamelingana na masikio. Kutoka nyuma, watu waliona utosi tu na ncha za viatu. Akajisukuma tena. Fyuuuu.

Upande wa kushoto wote walikuwa wanamwangalia kwa macho makavu. Mheshimiwa amekaa. Basi nao wamekaa. Kinyozi peke yake aliinuka nusu, lakini muuza mboga akamvuta shati.

"Kaa! Hajasimama!"

"Lakini swali limesema..."

"Si tuliambiwa tusilisikilize?"

Kinyozi akakaa, huku anaona aibu kwa kutaka kulipotosha somo.

"Hakuna?" mama wa tume aliuliza. Wa kulia walikuwa wamekaa, lakini wa kushoto ndio aliowatazama kwa mshangao. "Hakuna hata mmoja anayepinga?"

Jasho likamtoka Kifuambele kama bomba limepasuka. Kiti chake kinaondoka hivihivi, anakiona! Akageuza shingo, kitu pekee alichoweza kugeuza, akanong'ona, "Mama watoto!"

Mkewe alikuwa anaangalia feni darini.

"Mama watoto, nivute! Njoo haraka!"

"Siwezi kufika," mkewe alisema kwa upole. "Daraja limekatika."

"Ulikuwa utani! Mke wangu, utani wa siasa!"

Mkewe akarekebisha mkoba mapajani. Mama wa tume akaandika kitu kwenye karatasi, akafunga kalamu, akaifungua tena. Na Kifuambele, akili ikiwa imemwishia, akafanya kile mwili wake ulichozoea kufanya kila jioni akikwama. Akanyosha mkono wa kulia juu, juu kabisa, vidole vimetanuka.

Wakati huohuo mama wa tume akasema, "Basi, wanaokubali kuunganishwa, nyosheni mikono."

Mama yangu! Upande wote wa kushoto, mikono juu! Imenyooka, imekaza, vidole vimetanuka vilevile kama vya mheshimiwa. Kifuambele akaiona kwa pembe ya jicho, roho ikaruka. Akaunyosha na mkono wa pili, akaipunga yote miwili kuwazuia. "Hapana! Hapana! Shusheni!" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshamezwa na kochi, kikawa jirani ya rimoti na chanuo, na sauti ikatoka huko chini kama mtu anaimba bafuni. Watu hawakusikia neno. Waliona mikono miwili inapungwa. Nao wakanyosha miwili, wakapunga kwa nguvu, muuza mboga akapiga vigelegele vya kuamsha mtaa.

Wa ng'ambo walitazamana. Watu waliotukanwa sasa hivi wanapungiwa mikono! Nao wakanyosha, wengine wakifuta machozi. Wa mwisho kunyosha alikuwa mama mkwe. Alinyosha kidole kimoja tu, akimtazama mkwewe.

"Kwa kauli moja!" mama wa tume akapiga meza. "Halmashauri zimeunganishwa!"

Kelele zilipotulia, mama yule akavua miwani. Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imelainika.

"Nimezunguka nchi nzima na tume hii," alisema. "Kila nilikokwenda, wenyeviti wanang'ang'ania vyeo. Leo nimeona ajabu. Mheshimiwa huyu ametutolea maneno makali, nikadhani anapinga. Kumbe alikuwa anatutajia chuki zote ili tuone ubaya wake! Halafu yeye mwenyewe, wa kwanza, akanyosha mkono kukiachia kiti chake. Akanyosha na wa pili! Mheshimiwa, ndivyo ulivyokusudia?"

Hapo ndipo Kifuambele alipopata nafasi ya kujiokoa. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, mama, samahani, mimi napinga, hawa watu nimewafundisha kuniigiza kama nyani, na nilinyosha mkono kwa sababu nimezama kwenye kochi bovu na mke wangu amenikasirikia. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno. Kiti chake kilikuwa bado kinaokoleka kwa sentensi moja.

Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama unampigia makofi! Kulia wanapiga, kushoto wanapiga. Mpiga picha wa gazeti amepiga goti moja mbele yake. Na Kifuambele, tangu azaliwe, hajawahi kuona sifa ikipita akaiacha iende.

"Ndiyo," akasema, na kifua, hata kule shimoni, kikavimba. "Nilipanga hivyo tangu mwanzo."

Upande wa kushoto wakaitikia, "Nilipanga hivyo tangu mwanzo!"

Bwana Taratibu akainuka, akaja kwa mwendo wake, akaukamata ule mkono uliokuwa bado juu, akavuta. Mheshimiwa akang'oka, kochi likatema na kipaza sauti. Picha ikapigwa. Kesho yake ikatoka gazetini, Bwana Taratibu wima, Kifuambele nusu wima, na chini yake maneno: AACHIA KITI KWA HIARI. Baada ya hapo angemwambia nini mtu?

Halmashauri mpya ikamchagua Bwana Taratibu. Siku ya uchaguzi kuna waliotaka kumpigia Kifuambele, lakini wengine wakasema jamani, tusimvunjie heshima, yule bwana vyeo kashavikataa. Injini ikakutana na magurudumu, lori likanguruma, taka zikaondoka. Shimo la daraja halikuwa tena na mtu wa kusingiziwa, likazibwa. Gari lenye kibendera likachukuliwa. Na kila Kifuambele alikopita kwa miguu, watu walimshika mkono kwa machozi: "Asante, baba, kwa kuachia kiti!" Alijibu "Karibu" huku meno yakimuuma.

Kochi lilirudishwa nyumbani. Na kwa kuwa daraja sasa lilipitika, mama mkwe akaja kukaa siku chache, kumwona mwanawe.

Jioni moja, wote wako sebuleni. Mkewe kwenye cherehani, watoto sakafuni, mama mkwe kwenye kigoda na beseni la viazi, anamenya. Kutoka jikoni harufu ya mchuzi ilikuwa inaita watu kwa majina. Kifuambele, aliyekuwa amezama kochini tangu mchana akinuna, akanyosha mkono wa kulia hewani, neno hata moja hasemi.

Mkewe akasimamisha cherehani. Akautazama mkono, akamtazama mama yake, akawageukia watoto.

"Haya, tukusanye maoni ya wananchi," alisema. "Wanaotaka baba ainuliwe, nyosheni mikono."

"Acheni mchezo, mimi nina njaa!" Kifuambele alilalamika. "Watoto, nyosheni!"

Watoto hawakumtazama baba yao, wala swali hawakulisikiliza. Wote waligeuka wakamwangalia bibi.

Bibi alichukua kiazi kingine kwenye beseni, akakigeuza, akakichagulia mahali pa kuanzia, akaendelea kumenya kwa mikono yote miwili.

Mikono mingine ikabaki mapajani, na chakula kikaanza kupakuliwa. Kifuambele akakaa palepale, mkono juu, kura moja tu, tena ya kwake mwenyewe.